Kwaya ya Wangui

Kinanda cha Mbugua kilikuwa kidogo, cha kubebwa kwapani, kikitumia betri ya gari. Kilinasa sauti moja tu, na kila kitufe kiliitoa kwa kimo chake. Ukinasa nyingine, ya kwanza inafutika. Mwaka wa 1990, wiki moja kabla malaria haijamchukua, binti yake Wangui alikiimbia "aaa" moja. Tangu hapo Kagure, mamake, akirudi kutoka soko la Kambu alibonyeza kitufe kimoja, akasikiliza, ndipo akapika.

Lakini Mbugua alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na watu hao hawaridhiki. Alitaka kwaya nzima ya Wangui. Akabonyeza vitufe vitatu pamoja, akarekodi kwenye kaseti, kisha akakichezea kinanda kaseti ile kinase upya. Sauti zikawa tatu. Akarudia, zikawa tisa. Akarudia tena na tena, mjinga yule, kaseti ikiwa ile ile moja, na mara ya tano hapakuwa na Wangui wala kwaya. Palikuwa na mvumo tu, kama wa stovu ya mafuta taa.

Kagure akaingia, akaweka kikapu chini, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Baba Wangui, hii betri imeisha nguvu," akasema. "Ipeleke ikachajiwe."

Mbugua alikuwa ameirudisha kutoka kuchajiwa asubuhi hiyo hiyo, ikiwa imejaa. Akaifunga kwenye baiskeli, akaenda nayo.