Ugoro Mgongoni mwa Bwana Afya

...na hata kama ni ajali, ajali gani hiyo inayonyooka namna hii, mstari mmoja kutoka begani hadi karibu na paja, kama umepigwa kwa rula, hapana, hii si ajali, hii ni kazi ya mtu, alisema Kaanaeli moyoni, amechuchumaa kando ya pipa la maji ya kunywa, chura kamweka kwenye kiganja cha kushoto, jua la asubuhi la Same limeshaanza kumuuma shingoni, na chura wala hajitupi, yeye ambaye wiki iliyopita tu kumshika ilikuwa kama kushika sabuni kisimani, leo amelala, miguu kaiacha inaning'inia katikati ya vidole vya mtu, koo tu ndilo linalopanda na kushuka upesi upesi, na juu ya ule mstari kuna kitu cha kahawia, unga, umelowa ukagandamana, akainama akaunusa, akarudisha kichwa nyuma, akaunusa tena maana pua yake hakuiamini, ugoro, ugoro kabisa, na katika nyumba hii hakuna anayetumia ugoro, si yeye, si Ruthi, na mtoto wao Tumaini yuko Suji kwa bibi yake anasoma, basi ugoro huu umeingia kwa miguu ya nani... "Baba Tumaini, chai hiyo," alisema Ruthi, na kikombe cha bati kikagota juu ya kigoda, "nimeshaonja," na Kaanaeli akajibu "mh" bila kugeuka, kila siku nimeshaonja, nimeshaonja, mwanamke gani huyu asiyeweza kumletea mtu chai bila kuitia mdomo wake kwanza, mara ngapi amemwambia, sukari yenyewe ya mgao, ikiwa imezidi imezidi, ikiwa imepungua imepungua, niachie mwenyewe nione, naye husema ndiyo, na kesho yake anaonja tena... na Ruthi bado alikuwa anasema kitu, "...na kaka juzi kasema nikwambie ule...", kaka, ndiyo, kaka, hapo ndipo penyewe, kwa sababu nani mwingine mwenye kikopo cha ugoro kiunoni kama si Elirehema, kaka yake Ruthi, tena kikopo alichokiunda Kaanaeli, fundi bati, kwa mikono yake hii, bati jembamba, kifuniko cha kubana, alimpa siku aliyoletewa Ruthi hapa Same, akamwambia shemeji, hiki hakivuji hata ukikitumbukiza mtoni, na sasa tazama, kikopo changu mwenyewe ndicho kimebeba sumu ya kuja kumwaga katika pipa langu.

Maana Elirehema alikuja juzi, mwaka mzima hakukanyaga hapa, halafu juzi akatokea na mfuko wa maharage begani, ameshuka nao kutoka Suji kwa miguu, anacheka, "Shemeji, hujambo, ya mwaka jana yalikwisha," yalikwisha, yataishaje, mtu umemwaibisha mbele ya wanaume wote wa Upare halafu aje akwambie yamekwisha na maharage juu yake, Kaanaeli hakuzaliwa jana, na wala hajuti, kile alichosema mwaka jana alikisema kwa mdomo wake na mchana kweupe, watu wa milimani wameshuka kwa maelfu, wamelala nje ya boma la serikali kuikataa ile kodi mpya, mbiru, watu wamekula mahindi makavu, wamenyeshewa, na Kaanaeli kafunga karakana yake kalala nao, halafu anamsikia Elirehema anapiga kelele kuliko wote, hatutoi, hatutoi, na yeye kwa macho yake alikuwa amemwona akitoka kwa karani kwa mlango wa uani, ameshatoa, afanyeje, anyamaze kwa kuwa ni kaka wa mkewe, alisimama akamnyoshea kidole, huyu ameshalipa, mwulizeni, na Elirehema hakukana, alitazama miguu yake, basi, ikawa kosa ni la aliyesema, si la aliyelipa, tangu siku ile watu wa ukoo wa Ruthi wakimwona sokoni wanamgeuzia migongo, na mmoja akasikika akisema mdomo wa yule fundi dawa yake ni kitu cha kunywa tu, kitu cha kunywa, maneno hayo yalimfikia Kaanaeli yangali moto, na ndipo alipopanda Suji, kwenye ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba, akarudi na chura ndani ya debe, kwa sababu mzee mmoja wa kule alikwisha kumwambia, chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi, kitu kibaya kikiingia majini yeye ndiye wa kwanza kuanguka, basi akamtia pipani, kila asubuhi kabla hajanywa anafunua, anatazama koo, linapiga, chura mzima, maji mazima, anachota, anakunywa, na Ruthi alipomwona siku ile ya kwanza alishika kiuno, "Umeniletea mke mwenzangu?" na Salimu wa relwe, yule mshika bendera, akacheka mpaka akakaa chini, akasema huyu ni Bwana Afya, anakagua maji bila mshahara wala kofia, jina likaganda hapo hapo... na mwanzo alikuwa chombo tu cha kazi, kama tupa, kama mkasi wa bati, lakini chombo gani hiki kinachokutazama, jioni Kaanaeli akamzoea, akamtafutia kumbikumbi, akamwelezea kwa Chasu, Kipare chao, bei ya risasi ya kulehemu inavyopanda, akamkatia kibao cha kuelea juu yake apumzike, na hayo hakumwambia mtu, kwa nini amwambie mtu...

"Fundi!" Salimu huyo, ameketi kwenye gogo la mlangoni, miguu kainyosha, "birika langu limepona, au leo zamu ya wagonjwa wengine?" na Kaanaeli akasema subiri, na Salimu akasema treni haisubiri, na Ruthi kutoka jikoni akamwambia Salimu, "Mwache, bwana, tangu alfajiri wanaangaliana hao, ...mimi nilimwambia kaka kasema amtazame mgongo...", kasema amtazame, kasema, sauti ikazamishwa na honi ya injini kule stesheni, na Kaanaeli akabaki na neno moja tu, kaka, kaka, kila neno la mwanamke huyu leo linaanzia kwa kaka, wamekaa juzi jikoni wawili, yeye alikuwa ameenda stesheni kuchukua madebe matupu, aliporudi wakanyamaza, au hawakunyamaza, Ruthi alikuwa anachagua maharage, Elirehema amesimama hapa, hapa hapa, kata mkononi, pipa liko wazi, "Nilikuwa na kiu, shemeji," na mkono mmoja alikuwa ameurudisha nyuma ukitafuta kitu kiunoni, Kaanaeli aliona, alijifanya hakuona, halafu akaaga upesi kwa kuwa mlima ni mrefu, na siku hiyo hiyo jioni Kaanaeli hakunywa, alisema tumbo, na maharage yale aliyachota upande ule tu ambao Ruthi alikuwa ameshakula, na jana asubuhi kulikuwa na kazi ya mabirika ya Mhindi, hakufunua pipa, hakumtazama chura, alitazama kikombe cha Ruthi tu, akamsubiri anywe, akanywa, na yeye ndipo akanywa, kwa ujanja, mkewe hajui kitu, hajui kwamba mwaka mzima huu anaangaliwa koo lake likimeza... na je, kama wameelewana, kama yeye ana dawa ya kutangulia kunywa, sumu isimdhuru, hapana, Ruthi, mama wa mtoto wake, lakini damu ni damu, na Kaanaeli ndiye aliyemwaibisha kaka yake, Ruthi alilia siku ile, alilia uso ukiwa ukutani, asubuhi akaamka akapika uji kana kwamba hakuna kitu, na mtu anayeamka akapika uji namna ile, ndani yake kuna nini?

Leo itasemwa. Leo atasimama hapa hapa Salimu akiwa shahidi, amwulize kavukavu, wewe na kaka yako mmetia nini katika maji haya, na kama jibu lina kona, afunge vitu vyake apande Suji leo leo, yeye Kaanaeli hajui kuzungukazunguka, neno akalitayarisha, likamfika kwenye meno, akageuza kichwa, na Ruthi alikuwa ameshafika, amesimama juu yake na kata imejaa, maji yanadondoka kwenye kidole cha mguu wake, "Basi mwoshe," alisema, "umemshika tu kama hirizi, mwoshe huo ugoro, umeshakaa siku mbili, kaka alisema mwisho jana uondolewe, ukizidi utamlewesha, nilikwambia juzi usiku, ukaitikia mh, nikakwambia jana, ukaitikia mh," na Kaanaeli akasema nini, "kwamba nini?" na Ruthi akavuta pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba, "Alifunua achote maji, akamwona mwenzako kachanika mgongo, akasema shemeji atalia huyu, akampaka ugoro kama anavyowapaka mbuzi wake, inzi wasitage, tena akaniambia nikwambie ule mfuniko wako mpya unakata," na kata ikamngojea usoni.

Mfuniko. Uko pale, umeegemea pipa, aliukata Jumamosi kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, tangu siku ile anaubana mwenyewe jioni, anaugonga kwa ngumi mpaka mdomo wake uingie pipani, mkono wa mtu usipite hata kwa bahati mbaya, na mdomo wenyewe, Kaanaeli akautazama, haukukunjwa, bati bichi, ule ukingo ambao kwa mteja asingeuacha hivyo hata kama mteja ni adui yake, sufuria ya kila mtu hapa Same inakunjwa ukingo, inasuguliwa, anapitisha shavu lake kuhakikisha, lakini huu ulikuwa wake mwenyewe na alikuwa na haraka ya kufunga, akatazama kidole gumba chake cha kulia, kitambaa bado kimezungushwa, hapo chini kuna mkato, umenyooka, kama wa rula... na chura hupenda kushika ukingo wa pipa jioni, hupanda akakaa pale juu kutafuta hewa, na ngumi inashuka, pa, pa, pa...

Akaichukua kata, akamimina kidogo kidogo, maji yale yale ya pipa, hakuna mengine, ugoro ukaanza kulegea ukateremka katikati ya vidole vyake, rangi ya chai, ukadondoka vumbini, atalia huyu, alisema Elirehema, atalia, alijuaje, nani alimwambia kwamba mtu mzima mwenye karakana anaweza kulia kwa ajili ya chura, na alipoupaka huo ugoro hakusita, mtu wa milimani anajua mbuzi tu, kwake kidonda ni kidonda, alikuwa anaganga, kiumbe ambacho kimewekwa pale kumngojea yeye na sumu yake, yeye kafungua kikopo akakiganga, na nyama ya kidonda chini ya ugoro si nyeusi, ni ya pinki, safi, hainuki, na Salimu kutoka kwenye gogo, "Haya sasa, Bwana Afya akifariki, nani atakuonjea maji, fundi?" na Ruthi, ambaye alikuwa ameshageuka anarudi jikoni, akasema bila kusimama, "Kwani mimi kazi yangu nini," na Salimu akacheka, ha, akapiga paja, wanawake wa Kipare, na Kaanaeli hakucheka.

Hakucheka kwa sababu neno lilikuwa limempita likarudi, kazi yangu nini, nimeshaonja, nimeshaonja, tangu lini, akatafuta, mwaka wa kwanza wa ndoa hakuonja, Tumaini alipozaliwa hakuonja, chai ilikuja kikombe kimejaa mpaka mdomoni, inamwagika, anamgombeza kwa kumwagika, tangu lini kikombe kinakuja kimepungua, na akalipata jibu na hakulipenda, tangu wiki ile ya chura, tangu siku aliyosimama pale ameshika kiuno akauliza umeniletea mke mwenzangu, akatazama pipa, akamtazama yeye, akacheka na Salimu, na kesho yake, bila kuulizwa, bila kugombana, akainua kikombe mbele ya mumewe, mbele kabisa, mahali pa kuonekana, akameza, akakiweka, nimeshaonja, na maharage juzi, alianza upande ule, akasukuma sahani, kula hapa... akijua, kila asubuhi akijua kwamba anaangaliwa koo lake, akalinyosha ili aonwe vizuri, na yeye aliyesimama mbele ya maelfu akasema kweli ya mtu mwingine, mkewe huyu alikaa naye chumba kimoja mwaka mzima asimwambie neno moja, anachungulia, anangoja, anajiita mtu wa uso kwa uso, na chura akajivuta mguu mmoja kwenye kiganja chake, kidogo, akausukuma tena, vidole vyake vya maji vikamtekenya ngozi, koo linapanda, linashuka.

"Baba Tumaini, chai inapoa," na honi ikalia tena kule stesheni, na Salimu akasema birika langu, jamani, na kikombe kipo palepale juu ya kigoda, kimepungua ule upana wa kidole kimoja, inzi ametua kwenye mdomo wake akaruka, na Kaanaeli bado amechuchumaa, kiganja kimelowa, neno lile alilolitayarisha limemwishia mdomoni, akauliza, kwa sauti ambayo hata Salimu aligeuka kumtazama, "Sukari imetosha?"

Kule jikoni Ruthi akaweka mwiko chini.

"Onja mwenyewe," alisema Ruthi.