Nani Alipima Mazuku

Nshobole alifika Himbi, mjini Goma, nyumbani kwa Profesa Bahizire, mapema kabla ya mahojiano ya video, akamkuta mzee tayari amevaa suti ya kijivu na tai, viatu vimeng'arishwa, kana kwamba wale wajumbe wa Ubelgiji wangemwona mpaka miguuni. Roho ilimuuma. Afadhali angemkuta na pijama, amesahau kabisa. Kukasirika kungekuwa rahisi.

"Mutoto yangu, karibu! Ulikula?"

"Niko sawa, Papa."

"Mama Emerance, leta chai. Mutu hawezi ongea na bazungu na njaa."

Jambo lenyewe ni hili. Nshobole alikuwa amepata udaktari wake Ubelgiji, na sasa chuo kimoja cha huko kilikuwa kinafikiria kumpa maabara yake mwenyewe: wasaidizi wa kuwachagua yeye, utafiti wa kuuamua yeye. Kikwazo kilikuwa kimoja. Ilibidi aoneshe kwamba anaweza kufikiri bila mkubwa wa kumwelekeza. Na makala yake inayojulikana kuliko zote, ile ya mazuku, ilikuwa na jina la Bahizire mbele na lake nyuma, hivyo wajumbe walitaka kumsikia mzee pia.

Mazuku, kwa asiyekaa Goma, ni hewa nzito isiyo na rangi, inatoka ardhini na kutulia mashimoni na mabondeni. Mbuzi anaingia asubuhi kula majani na hatoki. Nshobole, angali asistenti mchanga wa mzee chuoni, ndiye aliyejiuliza kwa nini inajaa kwenye kiwanja kimoja na kuacha cha jirani. Ndiye aliyekwenda kupima kabla jua halijatoka, huku wenye viwanja wakimfokea kwamba ametumwa kuwapokonya ardhi. Mzee mwaka ule wote alikuwa Kinshasa, akitibiwa figo.

Basi nani aliliweka jina la mzee mbele? Yeye mwenyewe! Hakuna aliyemshika mkono. Katika fakalti yao, asistenti akiandika makala ya kwanza humpelekea mkubwa wake, kama mtoto anavyompelekea baba mshahara wake wa kwanza, na mkubwa hutanguliza jina lake na kumbariki. Mzee alikataa, kwa simu, kutoka hospitali. Alisema kazi ni ya binti. Nshobole akaliweka jina vilevile, maana kumpita mgonjwa aliyemlea kazini kulimshinda. Alijipalia makaa mwenyewe, na wakati ule alidhani anafukiza ubani.

Tangu hapo mzee ameisimulia makala ile darasani mwaka hadi mwaka, ameitumia kupanda cheo, ameizungumzia redioni. Ukisimulia kitu namna hiyo, mwishowe unakumbuka hata baridi ya asubuhi ambayo hukuwapo. Na Nshobole, tangu arudi Goma kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kila alipokuja kumkumbusha aliondoka amekunywa chai tu.

"Papa," alijaribu tena, "batakuuliza juu ya ile article ya mazuku. Banataka kujua nani alikuwa na wazo."

"Acha wasiwasi. Nitakusifu mpaka bashindwe."

"Si sifa, Papa. Ni ukweli tu."

"Sasa muzee kama mimi nitasema uongo?"

Mzee alicheka. Nshobole naye akacheka, mwoga mkubwa, akainamia simu yake kutafuta mtandao wa Gisenyi. Ndio pekee ulioshika siku hiyo, kwa hiyo wajumbe walikuwa wamekubali kuwasikia wote wawili pamoja.

Nyuso tatu zikatokea. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani, aliuliza kwa upole utafiti wa mazuku ulianzaje.

Mzee alijibu kwa Kifaransa chake cha darasani. Alisimulia alivyopata wazo akiwatazama mbuzi wa jirani, na alivyoichora ramani ya viwanja. Kisha akamwekea Nshobole mkono begani.

"Huyu nilimpa kazi, akaifanya. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi mtiifu kama yeye. Hajawahi kunipinga. Ukimwambia aende kushoto, anaenda kushoto."

Alikuwa na machozi machoni, ya upendo kabisa. Goma, sifa hiyo inakupatia kazi, mchumba na kiti cha mbele kanisani. Kwenye skrini mjumbe mmoja aliweka kalamu chini, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake. Nshobole alimchukia mzee, na alimpenda, na hakujua aanze na lipi.

"Daktari Nshobole, una la kuongeza?"

Mama Emerance alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mwanamume hapingwi sebuleni kwake mbele ya mkewe.

"Ndiyo," alisema. "Wazo lilikuwa langu. Vipimo ni vyangu. Profesa alikuwa hospitali, Kinshasa. Jina lake niliweka mimi, kwa heshima, na yeye alikuwa amekataa."

Mkono ukatoka begani. Mzee aliinamia meza. Nshobole alimwona anavyoutafuta mwaka ule kichwani, na anavyoupata: kitanda, mirija, simu sikioni.

"Anasema kweli," mzee aliwaambia wajumbe. "Sikuwapo. Alipima peke yake."

Mwenyekiti akaanza kuandika upesi. Mzee akamgeukia Nshobole, sasa kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma.

"Ungeniambia jana, tukiwa babili tu. Ungeniambia hata saa hii, mbele ya chai. Ningekubali. Lakini ulingojea mpaka bibi yangu anasikia." Akasimama, akanyoosha koti la suti. "Banatafuta mutu wa kusimama peke yake? Bamemupata. Usiniite tena Papa."

Aliingia chumbani. Mama Emerance alimfuata, na sinia yake mkononi.

Wale watatu hawakujua Kiswahili. Walidhani mzee amembariki, na walikuwa wakimtabasamia. Mwenyekiti aliuliza, iwapo wangemchukua, angeweza kuanza lini.

"Hata kesho," alisema Nshobole, akajifuta macho.