Wa Kwanza Kunywa

Pale Mwachisenge, ng'ambo ya Kinango, ambako mvua huahidi sana na kutimiza kidogo, hakuna mtu atekaye maji kisimani kabla bibi Kavumbi hajanywa. Hata uwe umetoka mbali na dumu lako kichwani, hata uwe mke wa chifu, utasimama kwenye mchanga wa ule mto mkavu umngoje. Atakuja taratibu na kata yake ya kifuu, atashuka vidato, atachota, atakunywa, kisha atasema, "Tekeni." Hapo ndipo utaona akina mama wenye heshima zao wanavyojua kusukumana.

Desturi hiyo haikuanza na yeye. Kisima kilichimbwa na babu yake mzaa mama, kikapita upande wa ukuche, yaani upande wa kikeni, kama ilivyo kwa Waduruma, mpaka kikamfikia. Mwenye kisima hana ruhusa ya kumnyima mtu maji. Ana haki moja tu, nayo ni kunywa wa kwanza, na ukiitazama vizuri utaona kwamba hiyo si haki bali ni kazi. Anakunywa ili watu waone hakuna aliyetia kitu mle ndani. Kama kuna wa kudhurika, adhurike yeye. Siku asipokunywa, huifudikiza kata ukingoni, na kisima kinakuwa kimefungwa. Hakuna kufuli wala askari. Kata tu imelala kifudifudi, na hata mlevi haigusi.

Tangu aachiwe kisima na mama yake, Kavumbi hakuwahi kuifudikiza kata hata mara moja, na kwa jambo hilo alijivuna kidogo. Hilo "kidogo" ni adabu yangu tu. Alijivuna sana.

Basi ikaja kampuni. Ilipanda mpaka kule juu, karibu na mto unakoanzia, ikapasua mlima kutafuta madini ya risasi. Maji waliyooshea mawe wakayachimbia dimbwi, wakalitandika nailoni nyeusi, na wakawaapia watu kwamba halivuji. Huenda waliamini wenyewe. Lakini maji ya chini hayajui mpaka wa shamba wala cheti cha kampuni, na mvua za vuli zilipopita, Kavumbi alikunywa asubuhi moja akasikia kitu ulimini. Ilikuwa ladha ya msumari. Alisukutua, akanywa tena, ladha ikawa palepale. Akageuka, akawatazama wale wanawake na madumu yao, akasema, "Tekeni."

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Jua lilikuwa kali, mabwawa ya ng'ombe yalikuwa yamekuwa matope, na kisima kingine cha kutegemewa kilikuwa kimoja tu, cha mzee Chirau, huko juu zaidi, kupita machimbo. Na Chirau na Kavumbi hawakuwa wakisemezana. Katika ukame uliopita, ng'ombe wa Chirau walishuka wakanywa kabla ya zamu, naye Kavumbi akawatimua kwa fimbo mbele ya watu, akamwita mwenye ng'ombe mzee asiye na subira. Maneno kama hayo ukimwambia mtu faraghani huenda akacheka. Ukimwambia mbele ya wakwe zake, umejichimbia shimo.

Kwa hiyo Kavumbi akaendelea kunywa. Mbuzi wakaanza kuharibu mimba, akasema ni majani. Tumbo likawa linamsokota kila alasiri, akasema ni uzee. Maafisa wa maji wakaja na vichupa vyao, wakachota, wakaondoka, na majibu yakawa yanasubiriwa kama mvua yenyewe. Kila mtu alisema, "Tungoje majibu," na kila asubuhi wote walimtazama Kavumbi, wakamwona anakunywa, nyoyo zao zikatulia.

Kampuni ilikuwa na kijana wake wa kuzungumza na wanakijiji. Jina lake Dishon, mtu wa bara, alipanga chumba Ukunda karibu na Kona ya Musa na kila juma alipanda Mwachisenge kwa pikipiki. Alikuwa kijana mzuri, siwezi kumsingizia. Aliamkia wazee, alikula alichopewa, na kila alipofika kwa Kavumbi aliomba maji kabla hajakaa. Hilo ndilo lililomfanya Kavumbi ampende. Mgeni anayekunywa maji yako bila kuyachungulia amekuheshimu.

Siku hiyo Dishon alifika, akaamkia, akakaa. Hakuomba maji. Mfukoni mwa mkoba wake ilijitokeza chupa kubwa ya maji ya dukani, imekwisha nusu.

"Shikamoo, shosho," alisema, akimwita bibi kwa neno la kwao.

"Marahaba, mwanangu. Nikutekee maji?"

"Hapana, niko sawa tu. Nimekunywa njiani."

Kavumbi aliitazama ile chupa. Twaiba, mkaza mwanawe, alitoka jikoni na kikombe cha chai, tumbo lake la miezi ya mwisho likimtangulia. Mumewe, Nzai, alikuwa mpishi kwenye hoteli ya Diani, na kodi ya chumba ilipowashinda alimleta mkewe Mwachisenge ajifungulie kwa mkwewe. Dishon aliipokea chai kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini. Ikapoa palepale.

"Habari nzuri ni kwamba mzee Chirau amekubali," alisema Dishon. "Ile dimbwi ya pili itachimbwa upande wake. Kesho kuna mkutano, anaweka kidole kwenye karatasi ya mkataba."

"Chirau? Si alikuwa amekataa, akasema atalala juu ya kisima chake?"

"Alikataa kitambo. Lakini sasa anasema, kama maji yangekuwa mabaya, Kavumbi angekuwa ameacha kunywa. Anasema wewe ni mkorofi lakini si mwongo."

Maneno hayo yalimwingia Kavumbi vibaya. Mtu ambaye hakusemezana naye miaka yote hiyo, kumbe kila siku alikuwa akiuliza, "Amekunywa?" Na akiambiwa amekunywa, anaamini. Kavumbi alidhani akinywa anajibebea dhara peke yake. Kumbe kila funda lilikuwa ushahidi, na kampuni ilikuwa ikilitumia bila hata kumwomba.

"Mwanangu," alisema polepole, "chai yako imepoa."

Dishon aliinamisha kichwa. Alikuwa na mama yake huko bara na wadogo zake shuleni, na mshahara wake ndio uliowabeba wote. Kavumbi aliyajua hayo kwa sababu kijana mwenyewe alimsimulia, siku zile alipokuwa bado anaomba maji.

"Shosho, mimi nimeandikwa kazi tu. Kuna mambo siwezi kusema."

"Basi usiseme."

Dishon alinyanyuka, akavaa mkoba wake. Alifika kwenye pikipiki, akasimama, kisha akarudi hatua chache, akasema bila kumwangalia usoni, "Usimpe Twaiba. Hata ukichemsha, usimpe." Akawasha pikipiki akaenda zake.

Kavumbi hakumchukia. Alimwonea huruma, na papo hapo akajionea huruma mwenyewe, kwa maana aliona wanafanana. Wote wawili walijua, na wote wawili walikuwa wamefunga mdomo kwa sababu zilizokuwa na maana.

Jua lilipopunga alimwita Twaiba. "Funga nguo zako. Kesho nitakutafutia gari mpaka Kombani, Nzai akupokee pale akupeleke kwenu Bongwe. Utajifungulia kwa mamako."

Twaiba alimtazama. Alikuwa binti wa Kidigo mwenye maneno machache, lakini machache hayo hayakuwa mabovu.

"Ni maji, mama?"

"Ni maji."

"Alhamdulillahi, mimi nina Bongwe." Alianza kukunja leso zake mojamoja. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu aulizaye chumvi iko wapi, "Na Jumwa, mama? Yeye ana Bongwe gani?"

Jumwa alikuwa jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye watoto wadogo. Wa mwisho alikuwa hali chakula vizuri siku hizi, amekonda, na mamake alikuwa akimshindilia uji uliopikwa kwa maji ya Kavumbi.

Kavumbi alitoka nje akaketi kibarazani, kata yake mapajani, na aibu ikamshika. Alikuwa tayari kuwaokoa walio wake kimyakimya, halafu asubuhi ashuke kisimani, anywe, awaambie walio wa wenzake, "Tekeni." Alimkumbuka mama yake, na akashukuru kwamba hakuwa hai wa kuyaona hayo.

Asubuhi wanawake walikuwa wamekwisha kusimama mchangani alipofika. Jumwa alikuwa wa mbele, kama kawaida yake. Kavumbi alishuka vidato, akachota, akainua kata hadi mdomoni. Harufu ya msumari ikampiga puani. Akaishusha. Akamwaga maji taratibu kwenye mchanga, akapanda, akaifudikiza kata ukingoni.

Wanawake walisogea kuitazama. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona kata hiyo imelala vile.

"Maji yameharibika," alisema Kavumbi. "Tangu vuli."

"Tangu vuli," Jumwa alirudia. "Na wewe ulijua?"

"Nilisikia ladha."

"Na ukanywa. Na ukatuambia tuteke."

"Nikanywa, nikawaambia mteke. Niliogopa kiu yenu, na niliogopa kwenda kwa Chirau. Sijui kipi niliogopa zaidi."

Jumwa alitua dumu lake chini. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na Kavumbi alingoja atukanwe, tena alitaka atukanwe. Badala yake Jumwa alijipangusa kwa ncha ya leso, akalibeba tena dumu.

"Haya," alisema. "Twende kwa Chirau. Na wewe utatangulia. Hatutakwenda kukusemea sisi."

Wakapanda mto. Walipita chini ya machimbo, ambako mashine zilikuwa zimeanza kunguruma na lile dimbwi likimetameta kijani nyuma ya seng'enge. Hakuna aliyelitazama sana. Twaiba naye alikuwamo msafarani, gari la Kombani kamwachia mwingine, na alipoambiwa arudi alijifanya hasikii. Kavumbi alipumzika njiani zaidi ya alivyotaka watu waone, na mara mbili Jumwa alimshika mkono bila ya kumtazama, maana hasira zilikuwa hazijamwisha.

Chirau alikuwa kisimani mwake na kata yake mkononi, amevaa koti la mkutano. Watu wake walikuwa wamejipanga mstari, wanangoja anywe. Alimwona Kavumbi, akawaona wanawake nyuma yake, akalinyoosha koti lake. Mzee huyu alikuwa ameingojea siku hii tangu ukame ule, na hangeiacha ipite bure.

"Umekuja na ng'ombe?" aliuliza.

"Nimekuja na watu," alisema Kavumbi. "Nimekuja pia na lile neno nililokuambia mbele ya wakwe zako. Nalirudisha mbele ya hawa."

Chirau alikohoa. Nadhani alikuwa ameandaa maneno mengi, na sasa hayakuwa na pa kwenda.

"Kata yako iko wapi?"

"Nimeifudikiza."

Uso wa mzee ulibadilika. Aliangalia upande wa machimbo, kisha koti lake la mkutano, kisha kile kidole chake cha gumba, kama mtu aliyenusurika kuuma kitu kichungu. Dimbwi la pili lilikuwa lichimbwe pale pale, juu kidogo ya miguu yake.

"Tangu lini?"

"Leo. Ilipaswa iwe tangu vuli."

"Nilikuwa nikikutegemea," alisema Chirau. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi.

"Najua. Nimeambiwa jana."

Mzee aliinama, akachota kata moja ya maji. Watu wake wakajiweka tayari na madumu. Lakini hakunywa. Alizunguka kisima, akamfikia Kavumbi, akamnyooshea kata kwa mikono miwili.

"Mwenye kisima ni wewe," alisema Kavumbi. "Wa kwanza ni wewe."

"Mimi sijui ladha ya maji yaliyoharibika. Sijapata kuionja. Wewe waijua. Kunywa, uniambie. Kama yangali mazima, kidole changu leo hakina kazi mkutanoni, wala kesho, na ukoo wangu wote hautaweka kidole. Na kama yamekwisha kuharibika, tujue sote hapa hapa."

Kavumbi aliipokea kata. Alimwona Twaiba kwa pembe ya jicho, mkono tumboni. Akafumba macho, akanywa.

Alingoja msumari. Aliyazungusha maji mdomoni, akayatafuta kila pembe ya ulimi, akameza, akangoja tena. Palikuwa na mchanga kidogo, na ubaridi. Basi. Hapakuwa na kingine chochote, na hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa amekwisha kusahau maji yalivyo. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, mbele ya Chirau, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Tekeni," alisema, kwenye kisima kisicho chake, na Chirau hakumsahihisha.