Waya Mbili za Resho ya Nkambo

Haya, wewe unayesoma, nikufumbie fumbo kwanza, ulifikirie huku tunaendelea. Nina vizuizi viwili. Nikivipanga namna moja, kupita kunakuwa kugumu maradufu. Nikivipanga namna nyingine, kupita kunakuwa kwepesi kuliko nilipokuwa na kizuizi kimoja tu. Sijakata kitu, sijapunguza kitu. Vizuizi ni vilevile viwili. Ni nini hicho?

Usijibu haraka. Reine naye alidhani anajua.

Reine alikuwa mwaka wa tatu wa umeme kwenye shule ya ufundi, msichana peke yake darasani. Alikaa mtaa wa Panda, katika nyumba moja ya zamani ya kambi ya wafanyakazi, pamoja na nkambo yake, yaani bibi yake, Philomène na dada yake Tina. Jumamosi hiyo wakwe wa Tina walikuwa wanatoka Kapolowe kuja kujitambulisha, na mkwe haachwi arudi kwao na tumbo tupu. Lakini mvua ya wiki nzima ilikuwa imelowesha makaa yote, hakuna hata kipande cha kuwashia. Kilichobaki ni resho ya nkambo, jiko lake la umeme.

Resho hiyo ni tofali kubwa la udongo lililochongwa mifereji. Ndani ya mifereji unalazwa waya uliojisokota kama nywele za mtoto mchanga, na kila ncha yake inafungwa kwenye skrubu ukingoni, pale unapoingia umeme. Ukiwasha, waya unaiva mwekundu. Watu wanauita rezistansi, wengine bila kujua maana yake.

Asubuhi hiyo umeme ulikuja ukiwa mchovu, maana Panda nzima ilikuwa inapika. Waya uligeuka rangi ya kutu ukaishia hapo. Sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ilikaa juu yake kimya kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Tonton Joachim, kaka wa mama yao, alikuja kuangalia akiwa tayari na shati lililopigwa pasi. Tangu baba yao aende kufanya kazi Kolwezi, neno la nyumba lilikuwa lake, na hakuwahi kupenda mutoto mwanamuke apande nguzo za umeme.

"Reine, kule ku masomo banakufundishaka nini?"

"Électricité, tonton."

"Bon. Bageni beko nakuja, sombe iko baridi. Tengeneza. Na ukimaliza, unielezee juu ya nini imetengenezeka, sababu yake, sawa muntu mwenye kusoma. Ukishindwa kueleza, lundi minye mwenyewe naenda ku direction ya masomo, bakutie mu coupe-couture, kushona manguo. Kule sindano haina mambo mingi."

Hakuwa anatania. Reine alimjua: akishasema lundi, Jumatatu hiyo inafika.

Alikuwa na waya mwingine, mpya, ndani ya karatasi. Akajiambia, waya mmoja moto mmoja, waya mbili moto mbili. Akachomoa umeme, akaunganisha ncha ya waya wa zamani na ncha ya ule mpya kwa fundo, akazilaza zote mbili mferejini kama nyoka mrefu, ncha moja skrubu hii, ncha nyingine skrubu ile. Akachomeka. Akangoja.

Joto lililotoka lilikuwa la kuku aliyelalia mayai.

"Aka, mutoto yangu," nkambo Philomène akasema, mkono juu ya tofali. "Umeipoza."

"Nimeongeza, nkambo. Sasa iko mbili."

"Iko mbili na moto inakimbia? Basi hiyo ni kitendawili. Utanipa jibu, ao nikupe muji?"

Reine hakucheka. Alianza kukumbuka ubao wa darasani. En série, waya mmoja nyuma ya mwingine, unajumlisha. Waya mmoja ohm arobaini, mwingine arobaini, jumla themanini. Ndiyo maana. Nyumbani aliuita moto, shuleni ni ukinzani, kizuizi cha umeme. Alikuwa ameongeza kizuizi juu ya kizuizi. Sawa. Kwa hiyo apunguze, arudi kwenye mmoja. Lakini mmoja ndio ulioshindwa tangu asubuhi. Akabaki ameshika bisibisi, akitazama waya kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Tina akatoka nje, liputa, yaani kitenge, limefungwa upande mmoja tu. "Beko pale kwa pharmacie, banauliza njia. Reine, usinihaibishe leo, nakuomba."

Kwa haraka Reine akachomoa umeme tena. Ule waya mrefu ulikuwa unaruka nje ya mifereji, na ukigusa sufuria ni hatari. Ili tu kuukaza, akalikamata fundo la katikati akalifunga kwenye skrubu moja. Zile ncha mbili zilizobaki akazikusanya pamoja kwenye skrubu nyingine, hivyo kila waya ukatoka skrubu hii hadi ile peke yake. Hakufikiria zaidi ya hapo. Akachomeka.

Waya zote mbili ziliona haya, zikawa nyekundu, kisha rangi ya machungwa. Kamba ya umeme nayo ikaanza kupata joto, Reine akachomoa, akakimbia kuleta kamba nyingine nene zaidi. Alipowasha tena, sombe ikaanza kuongea ndani ya sufuria.

"Naona moto," tonton Joachim akasema. "Eleza."

"Ni en parallèle, tonton."

"Hiyo ni jina. Minye nauliza juu ya nini."

"Arobaini mara arobaini, unagawanya na themanini. Ishirini."

"Ishirini ni chini ya arobaini. Uko na kizuizi mbili, na kizuizi inapunguka? Reine, unanichezea?"

Hesabu ilikuwa sahihi; kwenye interro, jaribio la darasani, Reine aliwahi kuiandika akapewa alama zote. Ila mwenyewe hakuweza kuiamini. Waya haulegei kwa sababu umepata jirani.

"Basi ni chance, bahati tu," tonton akasema. "Nitangojea jibu mpaka bageni barudie kwabo. Kisha, lundi."

Wageni waliingia wamelowa matope hadi magotini. "Tumevuka kaniveau mbili njiani," mzee wao akalalamika akivua viatu vilivyolowa maji ya mitaro hiyo. "Tunapanga mustari ku ubao ya kwanza ya kuvukia, tunafikiri tumemaliza, tunakuta ingine. Tunapanga tena." Watu wakacheka, bukari, yaani ugali, ikaletwa, sombe ikasifiwa. Reine aliwanawisha mikono huku kichwa kinazunguka. Kizuizi na kizuizi. Ishirini. Akammwagia mama mkwe maji kwenye mkono wa blauzi.

"Uko wapi, weye?" nkambo akamnong'oneza.

"Ku parallèle, nkambo."

"Ni mbali?"

"Sijue njia."

Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo ndogo. Wakwe wote, pamoja na vikapu vyao, walisongamana mbele ya kaniveau ya mlangoni, maana ubao ulikuwa mmoja, mwembamba na unateleza. Mmoja anavuka, wengine wananyeshewa. Tonton Joachim aliona haya. Akaingia nyuma ya nyumba akarudi na ubao mwingine, umeoza upande, mbaya kuliko wa kwanza. Akautupa kando ya ule wa zamani.

"Na hiyo?" mzee akauliza. "Itatuangusha."

"Mwenye kuogopa apite huku, mwenye haraka apite kule."

Wakagawanyika. Wengi walibaki kwenye ubao wa zamani, wachache wepesi wakajaribu ule mbovu, na msongamano ukaisha kama vile umefagiliwa. Reine alisimama na kikapu cha mama mkwe kichwani, hajongei. Alitazama ubao mmoja, akatazama mwingine. Hakuna uliokuwa mzuri. Hakuna uliobadilika.

Wakwe walipokata kona, tonton Joachim akajipangusa matope mikononi.

"Bon. Bageni balirudia. Juu ya nini, Reine? Sema, minye nasikiliza."

Nkambo Philomène aliacha kukusanya sahani.

"Tonton, ile kaniveau mbili ya njiani, kila muntu alivuka ubao ya kwanza na ya pili, shida juu ya shida. Njo vile nilifunga asubuhi, waya moja nyuma ya ingine. Apa mulangoni, ubao yote mbili ni mubaya, umeiona weye mwenyewe, lakini kila muntu alivuka moja tu. Rezistansi inazuia, kweli, lakini inapitishaka pia, njo kile minye nilisahau. Ukiiweka mbele ya mwenzake, umeongeza kizuizi. Ukiiweka kando yake, hata kama iko mubovu, umeongeza njia."