Mdogo Wako Mbona Hali?

Nilikwenda Dodoma kula. Hivyo ndivyo nilivyowaaga wenzangu kazini Lusaka, na hivyo ndivyo nilivyomjibu afisa wa uhamiaji pale Dar es Salaam aliponiuliza nimefuata nini kwa siku mbili tu. Akacheka, akagonga muhuri, akaniambia nisiondoke bila kula zabibu. Mimi ni mlafi na sioni haya. Nikifika mji wa watu, kwanza nauliza maandazi yanauzwa wapi; makumbusho baadaye. Lakini ulafi peke yake haumpandishi mtu ndege na treni kwa ajili ya mwisho wa wiki mmoja. Mama yangu mzazi alikuwa hai, yuko Nkuhungu pale pale Dodoma, anauza vitumbua, na mimi sikuwa nimekula kitu kutoka mkononi mwake tangu nikiwa mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikatazwa na baba mdogo Meshack, aliyenilea. Kwa wazee wetu, mwenye chakula huonja kwanza mbele ya anayempa, ili anayepewa ajue hakikutiwa kitu. Hata mke humwonjea mumewe. Asubuhi moja baba yangu, Sostenes, alikuwa anawahi shamba Haneti. Mama akamfungia vitumbua kwenye gazeti, akampa mkononi bila kuonja, na shangazi zangu wako pale uani wanamtazama. Jua lilipozama baba alikuwa maiti. Hakuna aliyepima chochote. Hakuonja, walisema, na kesi ikaishia hapo. Baba mdogo akanichukua hadi Zambia alikokuwa akiendesha malori, na kila nilipomuulizia mama alinijibu neno lile lile, kwamba kwa yule mwanamke nisile. Mwaka huu tulimzika baba mdogo. Udongo wa kaburi haujakauka nami nikakata tiketi.

Jumamosi asubuhi nilishuka kwenye ukumbi wa hoteli nikiwa na njaa ya safari. Mhudumu, binti mchangamfu aitwaye Gladness, akaniletea supu ya mbuzi, chapati za moto na chai ya tangawizi. Vikombe viwili. Nikamwambia niko peke yangu. Akatazama kiti kilicho mbele yangu, akasema samahani, alidhani yule ni mdogo wangu. Nilikitazama, kilikuwa kitupu. Kikombe cha pili hakukiondoa. Nikaona ni usingizi wa kazi za mapema, nikaichovya chapati yangu kwenye supu, na supu ile, jamani, ilikuwa ya kumsahaulisha mtu madeni.

Nikatoka kwenda mjini. Uhindini nilipata duka la mikate ambalo harufu yake inakuvuta ukiwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka, Bi Salha, alinifungulia makopo moja baada ya jingine. Nilikula hafukeki iliyopasuka vizuri juu, nikala visheti vilivyoganda sukari, nikala sambusa hadi mafuta yakanifika kwenye viwiko. Nikiwa bado natafuna, Bi Salha akaniuliza kwa upole mbona namwacha mwenzangu ale kwa macho, simnunulii hata kisheti. Nikamuuliza mwenzangu yupi. Akaonyesha kwa kidevu pale penye nguzo. Akasema kijana yule mrefu, mnafanana paji la uso, si mdogo wako huyo? Penye nguzo palikuwa na ndoo ya taka tu. Bi Salha si mtu wa mzaha, unamwona. Kisheti kilinikauka mdomoni.

Mtu mwenye akili angerudi hotelini akajifunika shuka. Mimi hata nikiwa na hofu, njaa haibaki nyuma. Nikaingia kwa mama lishe mmoja sokoni, nikaagiza ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Ule mlenda nilikuwa nimeuota miaka yote ile, unavutika kama mazungumzo ya wazee. Mama lishe akaja na birika na beseni. Akanimiminia maji, nikanawa. Kisha akasogea kando, akamimina maji kwenye nafasi tupu ya benchi, yakamwagika mezani na kutiririka sakafuni. Akaduwaa. Akasema kijana amerudisha mikono. Alipokuja kukusanya sahani aliinama karibu na sikio langu kama anayenisaidia kuficha aibu ya nyumbani.

"Mdogo wako mbona hali?"

Mimi sina mdogo. Nilizaliwa peke yangu. Nilikaa pale nikiutazama ule mtiririko wa maji ukikauka, na ndipo nilipoelewa. Mimi nina mvi kwenye panja, na baba yangu alikufa kijana. Sasa nimempita umri. Mtu akituona pamoja lazima aseme yule ni mdogo wangu.

Niliogopa, sitaficha.  Ila kilichonitesa zaidi si kwamba yupo. Ni kwamba sikujua anafuata nini. Kesho yake nilikuwa nakwenda kwa mama, na sikujua kama baba amekuja kunizuia au amekuja kula.

Jumapili kengele za makanisa zilinikuta kwenye bajaji. Nilipomwambia dereva nataka wauza vitumbua wa Nkuhungu, akaniuliza kama ni vile vya kunyofolewa, vya Mama Evarista.  Evarista ni mimi. Mtaa mzima bado unamwita kwa jina la mtoto aliyenyang'anywa.

Nilimkuta chini ya turubai, ameketi mbele ya jiko la mkaa, chuma cha vitumbua kikichemka mafuta. Amenenepa, na nikaona mara moja kwa nini. Kila kitumbua kilichoiva alikiinua mbele ya mteja, akanyofoa kipande pembeni, akakila, akameza, ndipo akakitoa. Kimoja kimoja. Watoto, wazee, walinzi, wote walipokea vitumbua vyenye pengo na hakuna aliyeshangaa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sijui ni vitumbua vingapi amewaonjea watu wasiomtuhumu, kwa sababu ya vile alivyosahau kumwonjea mmoja.

Kwenye benchi alikaa dereva wa bodaboda, Sila, akinywa chai. Aliponiona alisogea, halafu akasogea tena zaidi, akiacha nafasi ya watu wawili.

Nikamwamkia mama shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua macho, mikono iko kazini. Nikamwambia jina langu. Mikono ikasimama. Hakupiga kelele wala hakunikumbatia. Alinitazama tu huku vitumbua vikianza kuungua, na Sila ndiye aliyeinuka kupunguza mkaa. Kisha mama akasema kwa sauti ya chini kwamba hakunitafuta kwa sababu alijua sitakula kwake. 

"Mama Evarista, wape basi wageni," Sila akasema. "Huyu kijana anatazama hicho chuma tangu afike."

Mama akauliza kijana yupi. Nikamweleza, maana nani mwingine angemweleza. Nikamwambia tangu jana mji mzima unaniambia nimekuja na mdogo wangu, kijana mrefu mwenye paji la uso kama langu, na kila anapokaribishwa hali. Mama aliitazama nafasi ile tupu. Midomo yake ikatamka Sostenes, lakini sauti haikutoka.

Akaopoa kitumbua kilichoiva vizuri kuliko vyote, rangi ya asali, akakiweka kwenye sahani. Vidole vyake vikaenda pembeni kukinyofoa, kwa mazoea.

"Usionje, mama," nikasema.

 Nilimwona akipigana na mkono wake mwenyewe. Mwisho akaiweka sahani kwenye benchi, kitumbua kizima, akarudi kwenye kigoda chake akajishika magoti. Harufu ya iliki ilitufikia wote. Mimi na yeye tulikiona kitumbua kile kimetulia hapo, mvuke wake ukipungua, hakuna aliyekigusa.

"Alikuwa na njaa huyu," Sila akasema, akimalizia chai yake. "Kamaliza. Sasa anafuta mikono kwenye suruali."

Mama akaanza kulia. Akasema alimgombeza miaka yote ya ndoa yao kwa hilo, kufuta mafuta kwenye suruali. Sila akashangaa, akatazama barabarani, akauliza mbona kijana ameondoka bila kuaga.

Tulibaki na sahani. Kitumbua kilikuwa bado kizima, kimepoa. Mama akakichukua, akakimega katikati. Nusu moja akaishika, haikuelekea kinywani kwake. Nyingine akanyoosha mkono akanipa mimi, nami nikala kwanza.