Jina la Nakhisa Ukutani

Emérence alifundishwa kuandika mabango na baba yake huko Bukavu, na alipofika Kampala kama mkimbizi, brashi ndiyo iliyomlisha yeye na binti zake wawili. Saluni, maduka ya dawa, makanisa ya Wakongo pale Kisugu, nusu ya herufi za mtaa ule zilitoka mkononi mwake. Kwa hiyo Soko la Mabati lilipokaribia kutimiza miaka ishirini, baraza la soko lilimwita yeye aandike historia ya uchaguzi wake wote kwenye ukuta wa nje wa ofisi.

Mwenyekiti Okeny alimpa karatasi iliyopigwa chapa. Kila uchaguzi ulikuwa na mstari wake: mwaka, jina la mshindi na kura zake, jina la aliyeshindwa na kura zake. Sokoni hapo hawakutumia masanduku. Wagombea walisimama kwenye njia kuu, wafuasi wakapanga foleni nyuma ya kila mmoja, na watu wakahesabiwa mmoja mmoja mchana kweupe.

Mwaka 2006, mzee Kamis, kura 140 dhidi ya 96. Mwaka 2010, Kamis tena, 131 dhidi ya 118. Mwaka 2018, Okeny, 203 dhidi ya 150. Mwaka 2022, Okeny, kura 260, bila mpinzani. Lakini kwenye mwaka 2014 kulikuwa na jina la Okeny peke yake. Hakuna kura, hakuna aliyeshindwa.

"Papa Mwenyekiti, hapa wamesahau hesabu," alisema Emérence. "Ulipata ngapi?"

"Nyabo, mama, andika vile iko."

"Miaka mingine yote ina hesabu. Huu ukibaki mtupu, watu watasema fundi hajui kazi."

"Watu hawasomi ukuta. Wewe andika."

Alipanda ngazi akaanza na mzee Kamis. Alikuwa hajamaliza mstari wa pili alipomwona Akwero, muuza mihogo, amesimama chini yake, beseni kiunoni.

"Ukifika kumi na nne, utamwandika Nakhisa?"

"Nakhisa ni nani?"

Akwero alitazama mlango wa ofisi kwanza, ndipo akajibu. "Ndiye alishinda. Muulize mwenyewe. Anauza dagaa Luzira, karibu na Port Bell."

Emérence aliosha brashi, akakodi bodaboda.

Nakhisa alikuwa mwanamke mnene, Mkenya wa Busia, nywele zimeanza mvi. Aliposikia kilichomleta mgeni wake alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Nilipata mia mbili na kumi na mbili. Marjan, yule wa bucha, akapata mia na tisini na saba. Siku ya arobaini ya uongozi wangu, Okeny, ambaye alikuwa katibu wangu, aliita kikao cha watu tisa. Wakasema mwanamke wa Kenya hawezi kuongoza soko la Uganda. Asubuhi yake nikakuta meza yangu iko barabarani, na dagaa wamemwagwa kwenye matope. Yeye akakalia kile kiti miaka minne bila mtu hata mmoja kusimama nyuma yake." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Lakini usijisumbue, mama. Wewe ni mkimbizi, una watoto. Mimi nilishasahau."

"Umesahau, na bado unajua ilikuwa mia mbili na kumi na mbili?"

Nakhisa alichukua gazeti, akamfungia dagaa kwa ajili ya watoto.

Njiani Emérence aliwaza mengi. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kwenye kibaraza cha lango la soko, na aliyemruhusu kukaa pale ni Okeny. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa sawa, lakini hakupenda mtu yeyote aanze kuziulizia. Aliogopa, tena sana. Hata hivyo, kesho yake saa nne, soko likiwa limejaa, alipanda ngazi, akamalizia mstari wa pili, kisha akaandika kwa rangi nyeusi, herufi za ukubwa uleule wa zile za mzee Kamis: 2014, NAKHISA 212, MARJAN 197.

Okeny alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alisoma. Akaweka kikombe chini.

"Nani amekutuma?"

"Wewe. Uliniambia niandike historia ya uchaguzi."

"Futa hiyo kitu."

"Sifuti."

"Wewe ni mgeni hapa! Hujawahi kupiga kura hata moja katika soko hili!"

"Ndiyo maana siwezi kuongeza hata moja, wala kupunguza."

Watu walianza kusogea. Okeny aliwageukia, akapaza sauti. "Ushahidi uko wapi? Daftari la mwaka ule lilipotea. Mnaona? Huyu Mkongo anaandika umbea wa mtaani kwenye ukuta wetu!"

Mzee mmoja alijipenyeza kutoka upande wa bucha, aproni yake ina damu. Ni Marjan. Emérence alimwona akija, akaogopa zaidi, kwa maana ni nani atakayependa kushindwa kwake kuandikwa ukutani?

"Daftari limepotea," alisema Marjan, "lakini mimi nipo. Ndimi niliyeshindwa siku ile. Nilihesabu ile foleni ya Nakhisa kwa macho yangu mara mbili, nikitafuta kosa. Sikuliona. Yule mama alinishinda kwa watu kumi na tano, Okeny, na wewe ndiye uliyetangaza."

Kisha alikwenda akasimama katikati ya njia kuu, mikono nyuma. "Walionifuata mwaka ule, njooni mnifuate tena."

Akwero alitua beseni, akasimama hatua chache kando yake. "Na waliokuwa na Nakhisa, hapa!"

Walitoka mmoja mmoja. Muuza viazi, fundi wa cherehani, mama mmoja aliyeacha nyanya zake zimetandazwa. Wengi wa mwaka ule walikuwa wamehama, wengine wamekufa, lakini foleni mbili zilirefuka hadi mlangoni pa kinyozi, na ya Nakhisa ilikuwa ndefu zaidi. Walisimama tu juani wakimtazama mwenyekiti wao.

Okeny aliingia ofisini, akafunga mlango.

Kesho yake mlinzi alimletea Emérence barua: aondoke kwenye kibaraza cha lango kabla ya Jumamosi. Hakuomba msamaha wala nafasi nyingine. Alivuka barabara na makopo yake, akapanga kona mbele ya duka la simu. Wateja walimfuata huko. Wiki hiyohiyo Nakhisa alikuja kutoka Luzira, akasimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, mkono mdomoni, kisha akaenda buchani kwa Marjan akanunua kilo moja ya nyama.

Ukuta haukufutwa. Miezi miwili baadaye ulifika uchaguzi mwingine wa soko, na Akwero alisimama dhidi ya Okeny. Okeny alishinda, 188 kwa 181. Wengi waliumia, Emérence akiwamo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akazihesabu foleni mwenyewe kwa kidole, na hakuona kosa.

Jumatatu Okeny alivuka barabara akamfuata. Mafundi wengine wawili walikuwa wamekataa kugusa ukuta ule.

"Kuja uandike jina langu," alisema. "Lakini hizo hesabu acha. Kura saba ni aibu."

"Nitaandika jina lako, na mia na themanini na nane. Chini yake Akwero, na mia na themanini na moja."

"Na nikikataa?"

"Basi mwaka huu utabaki mtupu, na watu watauliza kwa nini."

Okeny alitazama ukuta ng'ambo, akatazama watu waliokuwa wakipita chini yake, vichwa vyao vimeinuliwa, wakisoma.

"Ngazi iko ofisini," alisema.

Emérence alichukua kopo la rangi nyeusi akavuka.