Kata ya Kwanza ya Mzee Hhando

Siku ya tatu sasa Mzee Hhando alikuwa hajachomwa sindano, na kwa maneno ya mwanawe Vitalis, hakukuwa na ubaya. Vitalis alikuja kijijini Gitting kutoka Arusha na simu kubwa kama sahani, na ndani ya simu mlikuwa na habari: wataalamu wamepata peptaidi, kipande kidogo cha protini, kinachoweza kuukinga moyo usiharibiwe na kisukari.

"Baba, insulini ni mambo ya zamani," alisema. Mzee, aliyekuwa akitafuta sababu ya kuikwepa sindano tangu mwaka juzi, aliyapokea maneno hayo kama hati ya kiwanja.

Aliyekuwa akimchoma sindano ni Mectilda, mke wa mwanawe mkubwa. Ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba moyo wa mzee umeanza kuchoka na pombe aiache. Ndiye aliyeona miguu ikivimba mpaka viatu vikagoma. Aliichukua ile simu akasoma hadi chini kabisa, ambako shemeji yake hakuwahi kufika.

"Shemeji, baba ana mkia?"

"Unasemaje?"

"Wameandika hapa, wamejaribu kwa panya. Kwa watu bado. Kama baba ana mkia niambie, niache kumsumbua."

"Wewe umeolewa humu, hukuzaliwa humu."

"Na wewe ulizaliwa humu ukakimbia. Hii miguu anaikanda nani?"

Mzee hakucheka. "Toka na sindano yako."

Asubuhi hiyo majirani walikuwa wameleta ng'ombe kumlimia. Saa sita, nusu ya shamba ikiwa bado, walifungua nira wakakaa kusubiri pombe. Kwao hakuna anayegusa pombe ya kazi kabla mwenye shamba hajaonja. Isiyoonjwa na mwenyewe hunuka sumu. Na kuonja kwa Mzee Hhando ni mpaka aone tako la kata, kile kibuyu cha kunywea.

Vitalis akaijaza. Mzee akanyoosha mkono. Mectilda akaidaka kata katikati ya safari, akainywa yote mbele ya wanaume kumi na mmoja, akafuta mdomo.

"Mwenye shamba hapa ni nani?" aliuliza Margwe, jirani mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akaanza kuswaga ng'ombe wake kurudi kwao, na wengine wakamfuata bila kuaga.

"Umenivua nguo," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

Mzee akainuka amfuate Margwe akamwombe radhi. Hatua ya nne pumzi ikakata. Akashika nguzo ya zizi, midomo rangi ya majivu, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyebebeshwa gunia. Vitalis akabonyeza simu yake, akabonyeza tena, akairudisha mfukoni.

Mectilda alimkalisha chini, akaenda ndani, akarudi na sindano. Mzee akapandisha shati polepole, uso ameugeuzia zizini.

"Choma. Halafu usinisemeshe mpaka shamba lilimwe."

"Litalimwa," alisema Mectilda, na kuchoma. "Nitalima na Vitalis. Kwa jembe la mkono."